Wimbo wa Kumlaza Mama

Mama hajui Kihindi, nami sikijui, lakini ule wimbo wa usiku tunaujua sote wawili. Ujanani aliuza tiketi kwenye jumba la sinema za Kihindi, akausikia kila siku kupitia ukuta. Sasa macho hayaoni, miguu haimbebi, na bila wimbo hapati usingizi. Redio ya kaseti iliyokuwa ikimpigia ilipokufa, nikaanza kumwimbia mimi, maneno ya kubahatisha. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Mimi nimekunjwa na mzee.

"Pepo yako hiyo, mdogo wetu," dada zangu hunisifu, kisha haraka wanarudi kwa waume zao. Pepo gani inanuka dawa ya kuchua? Nilimpenda mama, ila jua likizama nilimchukia, na Mungu anajua.

Fundi umeme aliponichumbia, hakupamba maneno. Alikuwa amepata kazi mbali.

"Kesho magharibi nitapiga honi," alisema. "Usipotoka, nitaelewa."

Nikajirekodi nikiimba kwenye simu, nikamwonyesha wifi, mke wa kaka, pa kubonyeza. Yeye ndiye angebaki na mama.

"Hilo tu?" akacheka. "Nilidhani kuna kazi!"

Kesho yake giza lilipoingia, akaiweka simu kando ya mto. Nikasimama nyuma ya pazia la mlangoni na begi langu. Sauti yangu ikaanza, nzito, ikiburuta maneno nisiyojua maana yake. Mama akatulia. Nje honi ikalia, nikakaribia kucheka kwa furaha.

Mara mkono wa mama ukatoka ndani ya shuka, ukapapasa. Kila usiku mimi huushika nikiimba. Nilikuwa nimerekodi wimbo, mkono nikausahau.

Wifi akaushika upesi. Mama akashtuka, akauchomoa.

"Wewe nani? Mwanangu namsikia hapa hapa, mbona mkono si wake?"

"Ni mimi, mama, mkweo..."

"Mwanangu yuko wapi?" Akaanza kupapasa kitanda kizima.

Wifi akanitazama kupitia upenyo wa pazia. Nikaweka begi chini, nikaingia. Mama akanidaka vidole.

"Nilidhani umekufa," akasema. "Nilidhani imebaki sauti tu."

Honi ikalia tena, ndefu. Simu ilikuwa bado inaimba, nami nikaimba juu yake, maana rekodi ikiisha ukimya ungemshtua. Nikasikia gari likigeuka, likaondoka. Mama alikuwa ameshalala, na vidole vyake havikulegea.