Kinasa Sauti Kilichochukia Kimya

Kamati ya ununuzi ya ofisi ya lugha ilihitaji vikao vitatu kuchagua kinasa sauti cha bei nafuu, kazi ambayo mtu mwenye masikio mawili angeimaliza kabla chai haijapoa. Wanakamati, hata hivyo, walichagua kwa macho.

Mezani vilibaki viwili, bei karibu sawa. Kimoja kilikuwa cheusi, kinene kama kipande cha sabuni, chenye tundu la kuchomekea kipaza sauti. Cha pili kilimetameta rangi ya fedha kama kalamu ya balozi, nacho kilikuwa na kipawa chake: msemaji akinyamaza, husimama chenyewe, akianza tena, huamka. Mwenyekiti alikijaribu kwa kusoma hotuba yake mwenyewe, kisha akaisikiliza kwa mapenzi hadi mwisho.

"Hiki," akatamka. "Hakipotezi nafasi."

Mtafiti, aliyeketishwa mwisho wa meza kama mgeni, aliinua mkono. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi madaktari wangemwondolea shangazi yake zoloto lenye uvimbe kooni, na sauti ingeondoka nalo. Katika ukoo mzima hakubaki mwingine aliyeijua barabara lugha ya mababu.

"Mzee, shangazi husema huku akipumzika. Kila kitakapoamka kitakuwa kimeshameza mwanzo wa neno. Na tabia hiyo haizimiki, nimetafuta."

"Mwanangu, kimya si lugha. Sisi tunakusanya maneno."

Wajumbe wawili waliinukuu kauli hiyo katika madaftari yao.

Jumatano asubuhi mtafiti aliketi kando ya kitanda wodini, kifaa cha fedha mkononi. Shangazi alisimulia jinsi alivyomkataa mchumba wake wa kwanza. Baada ya dakika tano wakasikiliza. Sauti ilitoka mbio, bila pumzi, maneno yamekatwa vichwa.

"Nani huyu anayefukuzwa na mbwa?"

"Ni wewe, shangazi."

"Mimi? Mimi sijakimbia hata mvua. Hebu kalete kingine kabla hawajanichinja."

Mtafiti alirudi ofisini akakichukua kile cheusi, akaandika kwenye rejista ya stoo: *majaribio zaidi*. Mtunza stoo hakumhoji. Katika ofisi ile hakuna aliyewahi kufanya majaribio, hivyo hakuna aliyejua yalivyo. Mchana kutwa kinasa cheusi kilipokea kila kitu: masimulizi, kikohozi, vicheko, na ule ukimya mrefu ambamo shangazi alilitafuta neno na kulipata.

Miezi mitatu baadaye mwenyekiti aliwaalika wageni wasikie matunda ya busara yake. Alisimama jukwaani akiwa amekiinua juu kinasa cha fedha, ambacho hakikuwa kimenasa chochote cha maana. Shangazi alikaa safu ya mbele, kitambaa shingoni, daftari mapajani.

Sauti yake, ile iliyonaswa na kile cheusi, ikajaa ukumbini. Ilimfikisha mchumba mlangoni, akisubiri jibu, ikatua.

"Mabibi na mabwana," mwenyekiti alidakia, "mmejionea wenyewe ubora wa..."

Shangazi aliandika upesi, akachana karatasi, akampa mtafiti. Mtafiti alisimama akaisoma kwa sauti kubwa, bila kulainisha hata neno moja:

"Mwambieni huyo anyamaze. Bado ninaongea."