Chai ya Kilima cha Wagiriki

“Haki ya Mungu, ni kweli tupu! Nikisema uongo, kesho nachuma chai ya Gladys peke yangu, kilima kizima!”

Mzee Machogu aliapa hivyo barazani kwa Gopal, mwenye duka hapo Ogembo, na watu wakasogea. Wachumaji wa Gladys walikuwa wamehamia shamba jingine, majani yanakomaa, naye mumewe Machogu, mpishi wa meli aliyestaafu, hajawahi kutia mguu kwenye chai ile. Husingizia magoti. Gladys, aliyekuja kununua sukari, akaweka mfuko chini.

“Haya, baba Eric. Wote wamesikia.”

Basi Machogu akamwaga kisa chake. Meli yao ilitia nanga kwenye kisiwa cha Wagiriki. Hapo pana kilima, kidogo tu, lakini kimesimama wima hata kuku wakitaga kileleni, wenyeji wanayadaka mayai ufuoni kwa kofia. Na kilima chote wamewaachia mbuzi!

“Nikawauliza, ninyi hamna haya? Kwetu hata ukuta tungeulima! Nikawapandia chai, chini hadi juu.”

“Kumbe!” Chandni, binti Gopal, alikuwa amerudi juzi kutoka fungate. “Mzee, mimi na mume wangu tulipita visiwa hivyo. Si ndicho hiki?” Akamsogezea simu yenye picha.

Machogu akakodoa macho. Kilima kimefunikwa chai, mwanamke ameinama, kikapu mgongoni. Moyo ukamruka. Maisha yake yote hajawahi kupata shahidi.

“Ndicho! Chai yangu hiyo! Na huyo ni mke wa kasisi wao. Mvivu huyo! Nilimfundisha kuchuma hadi nikachoka mimi.”

Gopal akaanza kucheka, akalazimika kushika kaunta.

“Mzee,” Chandni akasema, “picha hii nilipiga jana, nikiwa ng'ambo ya mto wenu. Ni kilima cha nyuma ya nyumba yako.”

“Na mvivu ni mimi,” akasema Gladys.

Machogu akauokota mfuko wa Gladys; hakikubaki hata kisiwa kimoja cha kukimbilia.

Asubuhi alikuwa katikati ya mteremko, guu moja juu, guu moja chini, umande umemlowesha hadi kiunoni. Bochaberi, jirani yao, akasimama njiani.

“Baba Eric! Umepotea?”

“Pita, mama! Nachuma.”

“Na huo mstari umeuruka!” Gladys akaita kutoka juu.

Machogu akageuka, akaurudia.