Kichochoro Kilichopigwa Bandi

Kila asubuhi Jocelyne alishuka kwenye teksi karibu na Park Station jijini Johannesburg, akajitwika cherehani yake ya mkono, akaanza kukitafuta kichochoro. Hakikuwa kwenye ramani ya jiji wala hakikuwa na kibali, kwa hiyo usiku, kama yeyote asiye na karatasi, kilihama. Leo kilikuwa nyuma ya duka la mawigi Joubert Park, kesho kimejibana kati ya maghorofa mawili ya Hillbrow. Fundi aliyetangulia alianza kushona, wengine wakafuata mlio. Waliochelewa walilaumu teksi, si kichochoro.

Humo mafundi kutoka Uvira, Bujumbura na Kigoma waliwashonea wabunifu wa mitindo wa jiji hilo. Mwema kuliko wote alikuwa Tumu, mzaliwa wa Soweto, ambaye ndani ya kila koti aliweka kitambaa chenye jina la fundi aliyelishona. Alisema mvaaji lazima ajue amevaa jasho la nani.

Shida ya Jocelyne ilikuwa mumewe. Elisée alikamatwa kwenye robot, taa za barabarani za Hillbrow, akiwa bado na sare yake ya ulinzi, akavushwa mpaka. Tangu hapo Jocelyne alikuwa ametolewa kwenye chumba chao, na simu yake ilikuwa imeporwa pamoja na namba zote. Elisée angerudi, mwanamume huyo hakuwahi kumwacha ale peke yake. Lakini angerudi wapi? Mahali pekee walipobakiwa napo palikuwa kichochoro, nacho hakitulii. Jambo hilo lilimnyima usingizi na kumkondesha.

Basi jioni moja, wenzake walipokwisha kuondoka, alitunga uzi mnene wa jinzi, akakipiga bandi kichochoro kwenye ukuta wa duka la mawigi, ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi huishikizia nguo kabla ya kuishona. Ukuta ulipitisha sindano kama kitenge kipya, kwa ugumu kidogo. Asubuhi kichochoro kilikuwa palepale.

"Bandi haikai, mama," Nassir wa Kigoma alimwonya. "Hiyo yangoja cherehani."

"Ni sawa," Jocelyne akasema. "Na miye niko nangoja mutu."

Kinachotulia huonekana. Walikuja watalii, kisha wakaguzi wa jiji, wakakipima, wakakipa jina. Tumu mwenyewe ndiye aliyewaita, kwa moyo mweupe kabisa. Kichochoro kikapata karatasi. Kati ya wote waliokuwa humo, kilikuwa cha kwanza kuzipata. Jocelyne alikuwa akipanga foleni ya zake tangu alipoolewa.

Mwenye jengo la duka la mawigi akaweka geti, akatangaza kwamba anayeingia kufanya kazi awe na kibali. Sheria ni msumeno, alisema, ingawa wa kwake ulikata upande mmoja tu. Tumu aligombana naye, akalia, akasema "eish", akabaki na duka alilokuwa amefungua humo. Mafundi walijitwika cherehani zao. Kwa heshima, Tumu alitundika ukutani picha kubwa ya Jocelyne akishona huku anacheka, ikaonekana tangu barabarani.

Jocelyne alipata kazi ya kupinda mapazia mtaa wa Kensington, jijini humohumo. Kila Jumamosi alikwenda getini kuwaachia walinzi ujumbe kwa ajili ya mumewe. Walinzi nao walibadilishwa mara kwa mara. Jumamosi moja alimkuta kijana mgeni, Joël, Mkongomani mwenzake mwenye kibali. Joël alimtazama, akaitazama picha.

"Mama, ni weye wa kwenye foto? Kuna mwanaume moya alikuya juzi. Aliangalia hiyo foto sana, akaanza kulia. Akaomba aingie."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimuuliza papier, ile karatasi ya kibali."

Jocelyne aligeuka, akaitazama barabara.

"Akaenda upande gani?"

"Sikuangalia, mama. Batalii balikuwa bengi."

Jocelyne alimshukuru, kwa kuwa si vizuri kumlaumu mtu aliye kazini. Kisha akasogea kando, kwani kundi la watalii lilikuwa limefika na alikuwa amewazibia njia.