Punje Nyuma ya Maharusi

Iddy alikuwa adui wa vumbi. Kama kuna mtu pale Baraka, mji wa Kongo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, aliyeweza kugombana na upepo kwa kuingia bila hodi, ni yeye. Alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, na ndani yake kompyuta na skana alizozivusha kutoka Kigoma zikiwa zimeviringishwa kwa blanketi. Alifungua kazi mwaka ule wa 2003, wakubwa waliposaini huko mbali kwamba vita vimekwisha. Vilikwisha kwao. Baraka watu bado walilala na nguo za safari mwilini.

Walimletea picha zilizookoka pamoja nao: zilizochimbuliwa chini ya sakafu, zilizokimbizwa porini ndani ya sufuria. Zilikuwa za zamani, nyeusi na nyeupe, zenye ukungu na madoadoa kama uso uliopitiwa na ndui. Iddy alizirudisha safi. Sifa zake zilifika mpaka Nundu, na yeye alizipenda kupita kiasi, tusimfiche.

Mama Néhémie alikuja asubuhi moja na picha ndani ya kitenge. Habari yake ilijulikana na wote. Néhémie, kifungua mimba wake, alishikwa na watu wenye bunduki mwaka 1998 alipokuwa akikimbia na vijana wenzake, mbali na mama yake. Hakurudi, wala mwili haukuonekana. Matanga yake hayakuwa yameondolewa mpaka siku ile. Katika ukoo wao, siku ya kuondoa matanga, aliyemwona marehemu mwisho husimama mbele ya watu akasema alimwona wapi na alikuwa vipi, ndipo marehemu aweze kwenda zake. Nani angesimama? Waliokuwa naye walikufa naye. Mwishowe Casimir, mjomba wa marehemu, alikata shauri kwamba itafutwe picha, izikwe mahali pa mwili.

Nyumba yao iliungua na picha zote, ikabaki hii moja: Mama Néhémie na mumewe mbele ya kanisa, siku ndoa yao ilipobarikiwa, nyuma yao ziwa.

"Mi nataka utoshe hii madoadoa," mama alisema. "Lakini pole pole, mutoto yangu. Huku nyuma, ku ziwa..."

"Nimesikia, mama. Esansi ya jenereta iko inaisha. Yote itatoka, utajiona sawa siku ile ya ndoa."

"Ngoja nikuambie kwanza..."

"Hapana uogope, mama. Hii ni kazi yangu. Rudi mchana."

Kama angefunga mdomo wake kidogo tu, angesikia hivi: siku ile Néhémie alikuwa mtoto wa miaka mitano, na viatu vipya vilimbana. Alivivua akakimbilia ufukweni, kwa akina mama waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa lile. Mpiga picha hakutaka kungoja. Kwa hiyo mtoto yumo pichani, mbali kule mchangani, mdogo kama punje ya mchele, ameinua mkono kumwita mama yake. Mama alitaka punje hiyo ikuzwe, watu waione kabla ya kuzikwa. Alipokatizwa aliondoka, maana mwenye shida hagombani na fundi.

Kazi nzuri ilikuwa na utaratibu wake, na Iddy aliujua. Unapangusa vumbi kwa brashi kavu. Unafuta kioo cha skana. Ukishaiingiza picha mashineni unaweka nakala moja isiyoguswa, kisha unatoa doa moja moja kwenye nakala ya pili, jicho lako likiuliza kila mara: hili ni uchafu, au ni kitu? Lakini jenereta ilikuwa inakohoa. Haraka haraka haina baraka, watoto wa mji ule huimbiwa hivyo tangu mgongoni mwa mama, na Iddy aliimbiwa kama wenzake.

Picha ilikuwa na tope. Akaifuta kwa pamba yenye maji, akailaza kiooni ikiwa bado mbichi. Skana ilipita. Alipoinyanyua, ngozi ya picha ilibaki imeganda kwenye kioo, mkononi mwake ikabaki karatasi yenye mabaka. Hakushtuka. Picha si iko ndani ya mashine? Akachukua kitambaa, akakwangua na kusugua kioo mpaka kikang'aa.

Halafu akaiamuru mashine iondoe vumbi lote kwa mkupuo mmoja. Ziwa likalainika, anga likatulia. Nukta moja tu ilikataa, kule mchangani. Iddy aliisogelea akaitazama. Ilikuwa nyeusi, na ubavuni ilichomoza kijiti kidogo kama kimkono. Akasonya. Mavi ya nzi, alisema moyoni. Akaifuta kwa mkono wake mwenyewe, akahifadhi juu ya ile ile ya kwanza, akatoa picha kwenye karatasi, akazima jenereta.

Mchana Mama Néhémie alirudi pamoja na Casimir. Iddy aliwapa picha huku akitabasamu, na kwa kweli ilipendeza. Bwana na bibi arusi walikuwa kama wametoka kanisani sasa hivi.

Mama aliitazama sana, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Mutoto iko wapi?"

"Mutoto gani, mama? Hapa kuko batu babili tu, we na bwana yako."

"Néhémie. Alikuwa huku, ku muchanga. Alikuwa ananiita."

Iddy alikimbilia mashine. Aliwasha jenereta, akaisaka picha ya kwanza. Haikuwepo. Mashine ilikumbuka ile safi tu. Akashika kalamu ya mashine akaweka nukta nyeusi mchangani, akaichomozea kimkono.

"Hapana," mama alisema. "Hiyo ni doa. Leta ile yangu."

Akampa ile karatasi yenye mabaka. Mahali pa ziwa palikuwa peupe tupu.

"Na ngozi yake?"

Iddy alielekeza macho kwenye kitambaa kilichotupwa kando ya skana. Mama alikiokota, akakikunja taratibu kama nguo ya mtoto, akakitia ndani ya kitenge. Ile picha safi aliiacha mezani.

Walizika kitambaa. Walikiweka ndani ya kasanduku kadogo, wakakashusha shimoni, watu wakaimba. Iddy alikaa nyuma kabisa, akiomba asionekane. Ndipo Casimir alipoinuka, akauliza kama inavyoulizwa siku zote:

"Ni nani alimuona wa mwisho?"

Watu walitazama chini, maana wote walijua hakuna wa kusimama. Mama Néhémie peke yake aligeuza kichwa, akawapita wote kwa macho mpaka akamfikia Iddy, akatulia hapo.

Iddy alisimama.

"Ni mi," alisema. "Nilimuona ku muchanga, pembeni ya ziwa. Alikuwa ameinua mukono." Akamtazama Mama Néhémie. "Nikazani ni mavi ya nzi. Nikamupanguza."