Nafasi Moja ya Kampala

Egbert alivaa viatu siku ile. Nasema viatu, si makubadhi kama yangu. Viatu vya kufunga kamba, vimesuguliwa mpaka ungeweza kujitazama meno. Ilikuwa mwaka wa 1957, na viatu vile sijavisahau.

Habari zilikuwa zimezagaa tangu masika. Chuo cha Kampala kimeshirikiana na chuo kimoja cha Uingereza, wanataka kuchunguza mabaraza yetu na kufundisha jinsi wabunge wanavyotunga sheria. Walimu wawili watakuja Nyakahanga kufundisha juma zima, kisha watachukua mtu mmoja wa Karagwe akasome nao huko Kampala na kuwasaidia katika uchunguzi wao. Mtu mmoja tu.

Nafasi hiyo ilikuwa yangu. Nani aliyewaeleza watu wa Kiruruma maana ya kura, wakati Egbert anaimba kwaya? Ni mimi, Byabato, niliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia chumvi. Hata neno "bunge" Egbert alilisikia kwanza kinywani mwangu, tukipalilia migomba ya nyanya yetu, maana yeye ni mtoto wa shangazi yangu. Sasa kamaliza shule ya misheni, kamwoa binti wa mwami wa gombolola, mtawala wetu wa hapa, basi naye anajua siasa!

"Ukiendelea kumkodolea macho hivyo," mke wangu Kokugonza aliniambia Egbert alipopita na viatu vyake, "watu watadhani unataka kumposa."

"Nyamaza wewe."

"Nanyamaza. Lakini mahari yake hutaiweza."

Siku ya mwisho tuliambiwa darasa litageuka bunge. Mwami Ndyamukama, baba mkwe wa Egbert, alikuja kutazama, na kwa desturi yetu akaleta kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna. Mwalimu Mzungu alichota kiganja kizima kama karanga. Mwenzake, Mwalimu Apolinary, Mhaya wa Bukoba anayefundisha Kampala, alichukua moja kwa adabu. Darasa zima likatafuna. Kikapu kilipofika kwangu nikakipitisha.

"Byabato, tumbo linakuuma?" Mwami aliuliza.

"Hapana, Mwami. Nimeshiba."

"Kashiba magazeti!" alidakia Placidia, muuguzi wa hospitali. Wakacheka. Egbert naye alicheka, akafunika mdomo kwa leso. Leso!

Mwalimu Apolinary akasoma hoja: kila mwenye shamba la kahawa asiyelitandazia nyasi za kutunza unyevu atozwe faini. Kila mtu alijua kuwa hilo ni wazo la Mwami mwenyewe. Egbert akapewa kuongoza upande wa serikali, mabenchi ya kulia. Wapinzani wakaambiwa wahamie kushoto.

Hakuhama mtu.

Mzungu akadhani hatukuelewa. Akaeleza tena, kisha akaanza kuwasukuma watu mabegani kama mbuzi wa mnadani. Wakahama, akigeuka wanarudi.

"Mwalimu, tusamehe," mzee mmoja akasema hatimaye. "Tumekula kahawa yake sasa hivi. Tumpinge na ladha bado ipo mdomoni?"

Mwalimu Apolinary akajipiga paji la uso. Mhaya mzima, amesahau kwamba aliyetafuna kahawa ya mtu hampingi hadharani siku hiyo!

Ndipo nikainuka, nikaenda kushoto, peke yangu.

"Nyasi za kutandaza zitoke wapi?" niliuliza. "Kila kilima chenye nyasi ni malisho ya ng'ombe wa Mwami. Mkulima akikata nyasi pale anashtakiwa. Asipotandaza, anatozwa faini. Serikali inijibu: akatandaze nywele za mkewe?"

Darasa likalipuka. Wengine walicheka wakiwa wamemgeuzia Mwami kisogo. Nilikuwa namtazama Egbert tu. Jasho lilimtoka. Ah, nililinywa jasho lile kwa macho!

Walimu wakainamiana kunong'ona. Mzungu akamtazama Egbert, akatikisa kichwa, akaandika kitu. Nikaona Mwami anatabasamu. Nikajua: wamekwisha kupanga, baba mkwe na wageni wake.

Mwalimu Apolinary akasimama. "Ndugu zangu, sisi walimu tumekwisha kumwona mtu anayefaa kwenda Kampala, naye ni..."

"Kura!" nilipiga kelele. "Juma zima mnatufundisha bunge, halafu mnamteua mtu kwa kunong'ona? Ipigwe kura!"

"Bwana Byabato, ngoja kwanza nimalize..."

"Hatungoji! Kura, au mafundisho yenu ni uongo!"

Mzungu alipotafsiriwa maneno yangu alifurahi mno, akapiga makofi. Mwalimu Apolinary hakufurahi. Alinitazama kama mtu anayemwona mlevi akivuka mto.

Wakaitwa wanaomtaka Egbert. Mikono ikapanda kama migomba. Nani angemwacha mkwe wa mtu ambaye kahawa yake iko mdomoni? Wakaitwa wanaomtaka Byabato. Nikainua wangu. Nikageuka, nikaona mkono mwingine mmoja tu, umevaa saa.

Egbert alinipigia kura mimi! Hata wema alitaka kunizidi.

Nje, Mwalimu Apolinary alinishika kiwiko. "Jina lililokuwa mdomoni mwangu ni lako, bwana. Ungeningoja."

"Si mngelitaja haraka?" nikamjibu.

Sikulala, wala sikwenda kumuaga Egbert. Lakini asubuhi lori lililombeba lilinasa kwenye tope la kilima cha nje ya Nyakahanga, na dereva akawaita wanaume wote waliokuwa njiani. Nilikuwa njiani, nina mikungu ya ndizi kichwani. Kumkatalia dereva mbele ya watu hakuwezekani.

"Sukuma, ndugu yangu!" Egbert alipaza sauti kutoka kitini. "Wewe ndiye mwenye nguvu!"

Nikaweka bega. Gurudumu likazunguka, likanimwagia tope usoni, na lori likapanda kilima likielekea Kampala.