Donge Lisilowezekana

Asubuhi ile Pilipili hakumwamkia mjomba wake. Aliusukuma mlango wa ofisi, akaitua kompyuta mezani kwa kishindo, karibu aimwage chai ya watu, akauliza, "Nani amechezea programu yangu?"

Jina la Pilipili alibandikwa na wenzake wa maabara, na ukimsikia akibishana hutauliza kwa nini. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa mkuu wa idara na msimamizi wa utafiti wake wa udaktari. Nyumbani mjomba, kazini Profesa. Tangu mwanzo watu walinong'ona kwamba mtoto wa dada anabebwa, naye akafanya kazi kama punda ili awazibe midomo. Leo, saa nne, mbele ya mtahini kutoka chuo kingine, ndipo kazi hiyo ingesimama au kuanguka.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna molekuli ndefu, polima, ambazo hazikunyooka kama uzi. Zina matawi, na matawi yana vitawi. Pilipili alizijenga ndani ya kompyuta kwa shanga zilizounganishwa, kisha akazitumbukiza katika viyeyusho mbalimbali, yaani vimiminika vya kuyeyushia, vyote vya hesabu tu, hakuna hata tone la kulowesha kidole. Kiyeyusho kikiipenda molekuli, matawi hutanuka. Kikiichukia, shanga hukimbiliana na molekuli ikajikunyata. Sasa, hujikunyata mpaka wapi? Enzi za ujana wake mjomba aliandika kanuni iliyompa sifa: zote huwa donge la ukubwa uleule, ziwe na matawi machache au mengi. Hesabu za Pilipili zilikataa katakata. Molekuli yenye matawi mengi husongamana katikati mpaka hakuna pa kusogea, ikabaki kubwa kuliko kanuni isemavyo.

Lakini grafu aliyoifungua asubuhi hiyo, kabla ya kwenda ofisini, ilikuwa imelala juu ya mstari wa mjomba, imenyooka kama imepigwa pasi. Akapima donge, akapima na shanga. Hata zingeshindiliwa bila kuacha upenyo zisingeenea mle. Ni sawa na kutia godoro ndani ya foronya. Akaingia kwenye programu na kukuta ile amri inayokataza shanga mbili kukaa mahali pamoja imelegezwa. Matawi yalikuwa yakipita ndani ya matawi mengine bila hodi.

"Ni mimi," alijibu mjomba pale ofisini. Wala hakuona haya. "Keti, mwanangu. Nimekusaidia."

"Umenisaidia!"

"Mtahini nilimfundisha mimi. Anaiamini kanuni ile kuliko mimi mwenyewe. Ukimpelekea ya kuipinga atakuchimba mpaka ajute aliyekuzaa. Wewe pita kwanza, ubishi utakuja baadaye. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mkono wa nani, mjomba? Huo ni wako!"

"Punguza sauti. Ukumbuke unaongea na nani."

"Nakumbuka! Ungekuwa mtu baki ningecheka nikaenda zangu."

Akatoka na kuubamiza mlango. Jamani, hasira ile! Ilimsukuma mpaka mlangoni pa ukumbi, na hapo simu ikalia mfukoni. Alikuwa mama yake. Mjomba alikuwa ameshampigia.

"Mwanangu, nakuomba, usiniaibishie kaka yangu. Baba yako alipofariki, nani alisimama nasi?"

"Yeye, mama."

"Basi?"

"Basi ndiyo maana inaniuma, mama. Acha niingie."

Ukumbini mjomba alikaa mstari wa mbele, tai imekaa sawasawa, akimtabasamia mtahini. Pilipili aliiwasha picha ukutani, na molekuli ikaanza kuzunguka polepole, donge dogo zuri la kupendeza macho.

"Hii ni uongo," alisema.

Akaivuta picha karibu mpaka kila mtu akaona shanga moja imekaa ndani ya mwenzake. Akaeleza ni amri gani iliyolegezwa. Kisha akasema, "Msimamizi wangu ndiye aliyeilegeza, bila kuniambia. Kazi yangu ni hii hapa."

Akafungua ya kwake. Molekuli ile ilikuwa kubwa, imebanana katikati, vitawi vimetokeza pande zote. Mtahini aliitazama kwa muda, akavua miwani, akaivaa tena. Hakumtazama aliyemfundisha.

"Sikubaliani nayo," alisema. "Lakini hii inawezekana, ile haiwezekani. Tuanze na hii."

Hapo mjomba akainuka. "Huyu si mwanafunzi wangu tena," alisema, sauti ikimkwaruza. "Atafute mwalimu mwingine."

Wenzake wa maabara wakainamisha vichwa. Pilipili hakuinamisha. Machozi yalimtoka mbele za watu, naye akayaacha yatiririke.

"Walisema unanibeba, nikawabishia miaka yote," alisema. "Leo umeyafanya maneno yao kuwa kweli. Mwalimu nitapata, mjomba, walimu wapo. Mjomba mwingine nitamtoa wapi? Mama hana kaka mwingine."