Mpangaji wa Nyumba ya Milele

Mie sikutaka mpangaji. Nalisema hili mapema, maana hapa Chumbageni watu wana maneno, na hakosi wa kukwambia Sabiha kababaika na mzungu. Sikubabaika na mtu. Mwanangu Najat ndiye aliyenisumbua kwa simu kutoka Maskati: mama, vile vyumba viwili vya uani vimekaa bure, mama, uko peke yako nyumba nzima, mama, ukianguka bafuni nani atajua? Nikamwambia nikianguka nitainuka. Lakini mtoto akishaolewa mbali hujifanya yeye ndiye mama yako. Mwisho nikachoka, nikampa Msafiri dalali ruhusa ya kuleta mtu, kwa masharti: asiwe mlevi, asiwe na mbwa, na asiwe mgonjwa.

Hilo la mgonjwa nilikuwa na sababu yangu. Marehemu mume wangu, Badru, aliugua muda mrefu katika vyumba vile vile kabla Mungu hajamchukua. Nilimlisha kwa kijiko, nilimgeuza, nilimwosha. Wanaume waliporudi kutoka makaburini nilisema moyoni, yarabi, hii iwe ya mwisho, sina tena mikono ya kuuguza wala moyo wa kuzika. Tangu hapo nakula peke yangu, na nilijiambia nimezoea.

Siku moja asubuhi niko barazani napepeta mchele, Msafiri huyo anaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo nani?"

Nyuma yake alisimama mama wa kizungu, mrefu, mwembamba, nywele nyeupe pe, uso umemwiva kwa jua. Msafiri akanieleza kwamba anatoka Finlandi, kastaafu, ana pensheni yake, na kwao pensheni hiyo inaishia kwenye kulipia joto la nyumba. Hapa angeishi nayo vizuri. Alikuja na nia ya kununua nyumba kabisa, lakini sheria haimruhusu mgeni kumiliki ardhi, kwa hiyo apange. Msafiri alipomaliza kuyasema hayo simu yake ikalia, akasogea pembeni kuongea na mteja mwingine.

Yule mama akanisalimu kwa Kiswahili. Alikisoma kwao, darasa la jioni, na kila neno alilitoa taratibu kama anachambua mawe kwenye dengu. Akasema anaitwa Tuulia. Mie nikasikia Tulia, na tangu siku ile kwetu ni Bi Tulia.

"Karibu, Bi Tulia," nikamwambia. "Unatafuta nyumba ya namna gani?"

Akafikiri, akaweka mkono kifuani. "Natafuta nyumba ya milele."

Ungo ulinitoka mkononi. Nyumba ya milele! Kwetu hiyo ni moja tu, ya kuchimbwa, na mwenyewe hafungui mlango akiingia.

"Hapa Tanga?" nikamuuliza.

"Hapa Tanga. Mume wangu amekufa. Watoto wana maisha yao. Nataka kumalizia hapa, karibu na bahari."

Akatabasamu. Mtu anatafuta pa kufia na anakutabasamia, wewe utamfukuza kwa ulimi gani? Lile sharti langu likayeyuka pale pale. Msafiri aliporudi kutoka kwenye simu yake nilishakubali, na kodi niliyoitaja ilikuwa ndogo hata akakohoa.

Siri hii nilimwambia Anastazia peke yake. Anastazia ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Msambaa kutoka Lushoto, mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri, mtu wa siri kabisa. Ikaingia adhuhuri, mtaa mzima wajua kwamba kwa Mama Najat kuna mgonjwa kaja kufa.

Na dalili zote zilikuwepo, msinione mjinga. Kila asubuhi alipanga vidonge mezani, vyeupe, vya njano, kimoja kikubwa kama kokwa ya tende. Alitembea polepole. Adhuhuri alilala. Tena likiwaka jua kali, watu wenye afya zao wanakimbilia kivulini, yeye anatoa kiti uani, anafumba macho na kuelekeza uso juu. Mzima gani anakaa juani saa saba mchana? Nikajua huyu analiaga jua.

Basi tukamshika. Anastazia alikuja na uji kila siku, wa ulezi, wenye maziwa na sukari ya kutosha. Sele muuza samaki akawa anamwekea pweza, kwa kuwa supu yake inatia nguvu. Akipita njiani watu wanamshika mkono kwa mikono miwili, wanamuuliza kalalaje. Mwenyewe anafurahi, anasema Tanga watu ni wazuri sana, na mie nikigeukia ukutani nifute macho.

Mnaonijua mnaujua mdomo wangu. Badru alikuwa akisema mke wangu hagombi, anatoa hotuba. Lakini mgonjwa hagombezwi, hiyo ni adabu niliyolelewa nayo. Bi Tulia alinifanyia vituko ndani ya nyumba yangu vya kunipandisha mori mpaka utosini, nami nikameza. Nikimwona tu namwambia, pole mwenzangu, pumzika.

Jioni tukawa tunakula pamoja. Nikimsongea bada, ugali wetu wa muhogo, kwa samaki wa nazi anaungua vidole na anaendelea kula. Ananisimulia bahari ya kwao inavyoganda mpaka watu wanapita juu yake na magari, nami namsimulia Badru. Nikasikia nyumba ina mtu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Asubuhi mlango wake ukichelewa kufunguliwa nabandika chai huku nimetega sikio nisikie kikohozi chake. Nilikuwa nampenda, ndiyo hivyo, na nilijua nitamzika.

Miezi ikapita, Bi Tulia hafi. Tukasema Mungu mkubwa. Lakini Anastazia ni mtu wa utaratibu. Akanijia, akasema, "Mama Najat, tusingoje mpaka yatokee. Huyu ni Mlutheri mwenzangu, aliniambia mwenyewe, lazima usharika ujue. Akizidiwa ghafla tutamzika kwa taratibu zipi? Hata hatujui anapenda nini."

Nikaona ni kweli. Tukavaa vizuri, nikakaanga visheti, tukaenda kumwona alasiri. Anastazia akazunguka sana, hali ya hewa, machungwa ya Muheza mwaka huu, kisha akamshika mkono.

"Mama, sisi ni ndugu zako. Haya mambo ni ya wanadamu wote. Tumeona tukuulize ungali na nguvu. Jeneza unapenda la mti gani?"

"Jeneza ni nini?" akauliza Bi Tulia.

Ikabidi nimwoneshe kwa mikono. "Sanduku. La maiti."

"Nani amekufa?"

"Bado," akasema Anastazia.

Bi Tulia akatutazama mmoja mmoja. "Nani atakufa?"

"Wewe, mwenzangu," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Si uliniambia siku ya kwanza unatafuta nyumba ya milele?"

"Ndiyo. Nyumba hii." Akapiga ukuta kwa kiganja. "Nyumba ya kukaa. Sihami tena."

"Na vile vidonge?"

"Vitamini. Kimoja ni cha presha."

"Na kukaa juani?"

"Napenda jua. Kwetu miezi mingi hakuna jua."

Anastazia alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Nami nikacheka, machozi yakinitiririka, nikasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, nikasikia mzigo wa miezi unashuka mabegani. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na mie mtu mzima sikuuliza.

Lakini Bi Tulia hakucheka. Alitazama visheti.

"Ule uji," akasema. "Na pweza. Na watu kunishika mkono. Ni kwa sababu nakufa?"

Anastazia akainama kuokota kilemba chake.

"Na kodi ndogo?"

Nikatazama chini.

"Nilidhani mnanipenda," akasema. "Kumbe mliona maiti." Akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu, na ule utaratibu wake uliniuma kuliko kama angeubamiza.

Kesho yake asubuhi Msafiri huyo tena barazani, safari hii anaona haya. Akaniambia Bi Tulia kampigia simu. Anataka nyumba nyingine, mbali, kuna moja kaipata Mwera kule Pangani, na bajaji inangoja nje.

"Na aende," nikamwambia. "Mpangaji ni mpangaji."

Nikaingia jikoni na kiburi changu. Nikakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, na mkono ulipokwisha fanya kazi yake nikaona nimekuna za watu wawili. Nikalia hapo hapo juu ya mbuzi. Sikutaka kurudi kwenye kusikiliza redio wakati wa kula. Nilimtaka yule mwanamke uani kwangu, mzima, akiniudhi kila siku aliyopangiwa na Mungu. Nikajifuta kwa kanga nikaenda kugonga mlango wake.

Begi lilikuwa wazi kitandani, anakunja nguo. Nikasimama mlangoni nikasema yale mazuri yote ninayoyajua. Samahani, mwenzangu. Tulikosea, mwenzangu. Usiondoke na kinyongo.

Hakuinua macho. "Ahsante kwa huruma yako, Sabiha."

Huruma yangu! Hapo mori ukanipanda, na sikuuzuia.

"Huruma?" nikamwambia. "Nani kakuonea huruma? Basi kwa kuwa hufi, kaa usikie. Chupi zako unaanika barazani, mtaa mzima wazijua rangi zake, hata imamu kabadilisha njia. Sahani zangu za Idi, za maua, nilizotunza tangu nimeolewa, unalishia mapaka. Adhana inaadhiniwa, wewe bafuni unaimba. Ukila wali unaacha ukoko, na ukoko ndio wenyewe. Unaingia na viatu mpaka juu ya mkeka wangu wa kusalia, na matope yake! Nimeona, nimemeza, nimeona, nimemeza, tumbo limejaa. Badru sikumvumilia hivyo, na nilimzalia. Halafu leo unaniambia huruma!"

Nje nikasikia Msafiri anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka njiani. Bi Tulia alisimama na blauzi mkononi, mdomo wazi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Sijamaliza, napumua."

"Basi sasa mimi." Akaiweka blauzi chini. Uso ulikuwa umemwiva, na Kiswahili chake kikatoka kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia. "Ule uji una sukari nyingi sana. Siupendi. Nimekunywa kila siku kwa sababu nilidhani ni desturi. Unafungua mlango wangu bila hodi. Unaniambia pumzika, pumzika, mimi sijachoka! Unasema nami kwa sauti kubwa, mimi si kiziwi. Na mkeka! Kwa nini hukuniambia mkeka? Mimi nitajuaje? Miezi yote umenitazama nakanyaga mahali pa sala yako na umenyamaza. Hiyo ni aibu kwangu. Ungeniambia!"

"Mgonjwa hagombezwi," nikamwambia.

"Mimi si mgonjwa!"

"Ndiyo maana nakugombeza."

Nikaona neno lile linamwingia polepole, kama Kiswahili chote kinavyomwingia. Vikombe vya kabati moja hugongana, nikamwambia, cha jirani ndicho unachokishika kwa uangalifu ukakirudisha. Nikamwambia pia kwamba nampenda, nikalisema hivyo hivyo, waziwazi, mie ambaye hata Badru alilisikia kwa nadra, na kwamba sitaki aende Mwera wala popote.

Bi Tulia alikaa kitandani kando ya begi lake. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akajifuta pua kwa ile blauzi. Kisha akatazama viatu vyake, akatazama upande wa kwangu kwenye mkeka, akainama na kuanza kufungua kamba za viatu.

Msafiri akauliza kutoka njiani kama aje kuchukua begi. Nikamwambia aende zake, mama huyu ana sahani za kuosha.